Presha ipimwe wapi: kambini, nyumbani au zahanati?

Kwa nini kumpima mtu asiyeumwa?
Kwa sababu presha ikipanda kwa kawaida haiumi. Wengi huijua siku ya kiharusi.

Kambi za kupima presha sokoni na kanisani zinafaa?
Kwa kuamsha watu, ndiyo. Kampeni ya kimataifa ya kupima presha kila Mei ilianza 2017, na Kenya imeshiriki. Shida huja hema likishang'olewa: mwenye 158/96 anabaki na kikaratasi mfukoni. Nani atampima tena? Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka vipimo vya siku mbili tofauti, namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90 siku zote mbili, ndipo mtu aambiwe ana presha.

Halafu tazama upimaji wenyewe. Mtu katoka juani, kaketi kwenye benchi lisilo na mgongo, anapiga soga huku mkanda wa mashine umefungwa mkononi juu ya sweta. Hapo namba lazima ipande. Mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo, nayo hupanda. Anahitaji dakika tano za kutulia kimya, miguu chini, mkono wazi umeegemezwa usawa wa moyo.

Na nyumba kwa nyumba?
Septemba 2023 Kenya ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, mikoba yao ikiwa na mashine ya presha. Nyumbani mtu ametulia, na mhudumu anaweza kurudi wiki ijayo. Ila anayebisha hodi saa nne asubuhi atawakuta kina mama na wazee. Wanaume wako shambani au kwenye bodaboda.

Zahanati je?
Mimi naiweka mbele. Kila mtu mzima apimwe, hata aliyeleta mtoto kupata chanjo. Hatoi nauli ya ziada, na dirisha la dawa liko papo hapo. Wasiokanyaga zahanati ndio wafuatwe na wahudumu, jioni au Jumapili. Kambi ije mwisho. Na kabla ya kununua mashine nyingine, fungueni kabati mwone kama amlodipini, dawa ya kushusha presha, ipo.

Mtu akikutwa na 180/120?
Akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kinachouma sana, kuishiwa pumzi, kuona ukungu au kulegea upande mmoja: hospitali, sasa hivi. Asipokuwa na dalili, apumzike, apimwe tena. Ikibaki hapo, amwone daktari au tabibu siku hiyohiyo.