Mtoto Mdogo na Skrini: Yanayosemwa na Yaliyothibitishwa

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mtoto mchanga akiwekewa video za kufundishia lugha, lugha itamwingia yenyewe. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwapa watoto wa miezi 9 kutoka familia zinazosema Kiingereza vipindi 12 vya Kichina cha Mandarini. Kundi moja lilikaa na mtu aliyewasomea vitabu na kucheza nao, na jingine liliona mambo hayohayo kwenye televisheni. La kwanza lilijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. La pili halikuwazidi watoto ambao hawakuwa wameisikia kabisa.

Kutokana na hilo wengi hukimbilia kusema kwamba ubaya uko kwenye skrini yenyewe, jambo ambalo si kweli. Sarah Roseberry na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza vitenzi vipya kwa simu ya video kama walivyojifunza ana kwa ana, ilhali video iliyorekodiwa haikuwafundisha, kwa kuwa rekodi haimngoji mtoto wala haimjibu. Bibi anayezungumza na mjukuu kwa simu hastahili kuwekwa fungu moja na katuni. Tena mtoto akikua kidogo, hata katuni iliyotungwa vizuri humfaa: huko Morogoro, watoto wa elimu ya awali walioonyeshwa Akili and Me walipiga hatua katika kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao walioonyeshwa vipindi vingine.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, unaoweka ukomo wa saa 1 ya skrini kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, nao hunukuliwa kana kwamba ni hukumu juu ya ubongo, wakati kiini chake ni kucheza, kukaa bila kujongea na usingizi.

Wapo pia wanaodai kuwa kishikwambi kinatosha bila mwalimu, wakitaja Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kishikwambi za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, lililofanyiwa majaribio vijijini Tanga na kupata washindi mwaka 2019. Watoto wale walijifunza kweli, lakini walikwishafikia umri wa shule ya msingi na wengi wao hawakuwahi kwenda shule, kwa hiyo jaribio hilo halikukipima kishikwambi dhidi ya mwalimu wa chekechea.