Sungura wa uani Tanga: yanayosemwa na yalivyo

Siku nilipoleta sungura wawili nyumbani Makorora, mzee jirani alinipa wosia mmoja tu: "Usiwape maji, watakufa." Alisema kwa nia njema, na si yeye peke yake anayeamini hivyo. Sungura anakunywa maji kila siku. Mwenye kilo mbili anaweza kumaliza hata robo lita kwa siku, na joto likizidi huongeza. Nadhani dhana hii imetokana na majani mabichi: anayekula hayo hupata maji mengi humo, basi huonekana hana kiu. Halafu kopo likachafuliwa kwa mkojo na kinyesi, sungura akaharisha, maji yakasingiziwa. Tumia bakuli zito la udongo, asilipindue, na ulisafishe kila asubuhi.

La pili ndilo linaloua wengi hapa kwetu: eti sungura ni mnyama wa porini, joto halimsumbui. Huyu wa kufugwa si yule anayekatiza mashamba ya mkonge. Asili yake ni Hispania na Ureno, na babu zake walijichimbia mashimo, wakashinda chini kwenye ubaridi jua likiwa kali. Hatoi jasho kama sisi. Joto hulitoa zaidi kwa masikio. Nyuzi 15 hadi 20 ndizo zinazomfaa. Sasa mfikirie Februari, nyuzi zimepita 30, hewa nzito ya chumvi, naye yumo ndani ya banda la bati!

Bati huoka. Ezeka kwa makuti, au weka makuti juu ya bati na uache nafasi ya hewa katikati. Banda likae chini ya mwembe, ubavu mmoja wa wavu ukielekea upepo wa kaskazi, na mvua za masika zikianza uteremshe gunia upande huo wa wavu. Ukimkuta amejilaza, anahema mbio na masikio ni ya moto, mhamishie kivulini, umpanguse masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Usimtumbukize kwenye ndoo. Mshtuko nao unaua. Wangu mchana huegemea chupa ya maji yaliyoganda, niliyoizungushia kipande cha kanga. Umeme ukikatika, tunarudi kwenye kitambaa.

Karoti? Kidogo, kama tunavyokula halua. Ina sukari nyingi. Chakula chake ni nyasi. Ukoka mkavu uwepo muda wote, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Majani ya viazi vitamu ni sawa. Ya mparachichi, ya nyanya na kisamvu kibichi usimpe. Majani uliyokata alfajiri yangali na umande yaanike kwanza yanyauke; yakirundikwa mabichi hupata moto na kuchacha, na tumbo lake halina uwezo wa kutapika.

Wapo wanaosema banda likifungwa kwa kufuli, basi. Kufuli ni la mwizi. Paka na nguchiro hutafuta wavu uliolegea, nyoka hupita penye tundu pana, na siafu hawana habari na mlango. Kundi la siafu likipanda usiku, asubuhi makinda hayapo. Inua banda kiasi cha mita moja, kila mguu uutie kwenye kopo lenye maji na oili chafu kidogo, na majani marefu yasiguse ubavu, maana hayo ndiyo daraja lao. Kunguru wetu wa mjini nao hawamwachi kinda aliyeachwa wazi.

Mtoto wangu alinijia mbio siku moja: "Mama, sungura anakula mavi yake!" Nilimwambia amwache. Ni vile vilaini vinavyotoka kama kishada, tofauti na gololi kavu, navyo hula tena kupata vitamini na protini ambazo tumbo halikuzichukua mara ya kwanza. Ukiona vilaini hivyo vimebaki sakafuni, hapo ndipo uulize: huenda anapewa pumba nyingi kuliko nyasi, au amenenepa hata hajifikii.

Na masikio si mpini. Weka mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio, umlaze kifuani mwako. Akipiga teke angani uti wake wa mgongo unaweza kuvunjika, kwa nguvu zake mwenyewe. Ukiwa umeinama karibu, chungulia ndani ya sikio: magamba kama ya mkate uliokauka ni utitiri. Usiyabandue, yanauma. Mwite daktari wa mifugo.