Judy Garland hakuokota nafasi ya Dorothy

Husimuliwa kwamba studio ya filamu ya MGM ilikubaliana na studio nyingine, 20th Century-Fox, kumwazima nyota mtoto Shirley Temple ili aigize msichana Dorothy, mhusika mkuu wa filamu ya The Wizard of Oz, nayo MGM iwaazimishe nyota wake Jean Harlow na Clark Gable. Kisha Harlow akafariki, mpango ukavunjika, na mwigizaji Judy Garland akaiokota nafasi hiyo. Kisa ni kitamu, ila tarehe zinakikana: Harlow alifariki Juni 1937, ilhali MGM ilinunua haki za hadithi hiyo mwaka 1938. Temple alifikiriwa kweli, lakini Garland, aliyesajiliwa mwaka 1935 akiwa na miaka 13 kwa sababu ya sauti yake, tayari alikuwa mwajiriwa wa MGM. Tatizo lilikuwa umri: upigaji picha ulipoanza Oktoba 1938 alikuwa na miaka 16, hivyo alibanwa kifua ndani ya gauni ili aonekane mtoto.