Vumbi lina kwao: kujenga Datsun 240Z ya Safari katika skeli ya 1/24

Modeli nyingi za magari ya Safari Rally huharibikia mwishoni, kwenye vumbi. Mjenzi ameunga vipande vizuri na rangi inang'aa, kisha anapulizia hudhurungi ileile gari zima na kuiita tope. Huku kwetu vumbi lina kwao. Linalotimka kati ya Gilgil na Nakuru lina majivu ya volkano ndani yake, ni jepesi na limepauka. La Kakamega ni jekundu. Ukishuka Ahero, kwenye uwanda wa Kano, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha hunata hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Amua gari lako limetoka wapi kabla ya kufungua kopo la rangi, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaosema uache mng'ao kiasi gani.

Gari ninalolizungumzia ni Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, nambari 11, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo East African Safari, yaani Safari Rally ya enzi hizo, ya 1971. Shekhar Mehta alimaliza wa pili mwaka huo katika gari la aina hiyohiyo, na mwaka 1973 akashinda yeye. Usichanganye picha za miaka hiyo miwili. Taa, stika na magurudumu ndiyo mambo ya kwanza ambayo mtazamaji mwenye macho atakukamata nayo.

Pima kabla ya kuunga chochote. Gari halisi lina milimita 2,305 kutoka ekseli hadi ekseli, kwa hiyo modeli iwe na 96. Upana wa 1,630 unakuwa karibu 68. Seti nyingi huliketisha gari chini kama la barabara ya lami, jambo ambalo kwa Safari ni kosa. Milimita 1 ya modeli ni 24 za gari halisi, basi kuliinua kwa milimita 1 hadi 1.5 kunatosha kabisa. Weka kipande chembamba cha plastiki juu ya springi, pande zote nne, kisha liweke gari juu ya kioo uone kama magurudumu yote yanagusa. Ukifanya hivyo baada ya kupaka rangi utavunja kitu.

Osha bodi kwa sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kiwandani hufanya praima (rangi ya msingi) ibanduke pamoja na maskintepu. Mistari ya milango na boneti ichimbe zaidi kwa mgongo wa wembe, ukipita polepole mara tatu au nne bila kukandamiza. Praima, rangi na klia (ile rangi angavu ya juu) vitaijaza. Mstari unaoonekana mzuri kwenye plastiki tupu huwa umefifia mwishoni.

Kwenye injini, kitu kimoja tu kinastahili usumbufu: nyaya za plagi. L24, injini ya gari hili, ina silinda sita, hivyo distribyuta inatoa nyaya saba, sita za plagi na moja ya koili. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, ukihesabu kutoka mbele. Waya halisi wenye unene wa milimita 7 unakuwa 0.3. Nyuzi za simu za zamani ni nene mno. Fungua earphone iliyokufa, ndani mna nyuzi laini zinazofaa.

Sasa rangi. Duka la rangi za magari litakuuzia duko na thina ya kawaida, na rangi yenyewe ni nzuri, ila thina hiyo inayeyusha plastiki ya modeli. Pulizia praima kwanza, tabaka nyembamba zinazokauka karibu zinapotua, halafu nyekundu vivyo hivyo: sehemu moja ya rangi kwa moja na nusu ya thina, shinikizo la baa 1 hadi 1.4. Tabaka la kwanza likilowa, utaona plastiki ikikunjamana kwenye kona za dirisha. Praima ya kijivu huififisha nyekundu. Mimi huweka ya waridi, ambayo ni nyeupe iliyotiwa matone ya nyekundu yenyewe.

Kisumu kuna tatizo la ziada. Hewa ya ziwa ikiwa na unyevu mwingi, thina inayokauka haraka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unageuka matone juu yake na rangi inakuwa nyeupe kama maziwa. Pulizia kati ya saa nne na saa saba mchana, kabla ya mvua ya alasiri, na utumie thina inayokauka polepole. Weupe ukitokea usipige msasa. Pulizia thina hiyo ya polepole peke yake, kidogo sana, na mara nyingi unaondoka. Nakuru mwezi wa Januari shida ni kinyume: hewa kavu na vumbi linaloelea. Mwagia maji sakafuni kwanza.

Boneti nyeusi ipakwe baada ya nyekundu. Ukingo wa maskintepu ya dukani una nywele, kwa hiyo ibandike kwenye kioo na ukate ukingo mpya kwa wembe. Baada ya kuibandika kwenye gari, pulizia nyekundu kidogo tena kwenye mpaka ili izibe nafasi zilizobaki, ndipo uweke nyeusi isiyong'aa. Stika za maji zinataka uso laini, la sivyo hewa hunaswa chini yake na kuonekana kama fedha. Klia kwanza, stika, kisha klia tena. Tabaka mbili za mwanzo ziwe za ukungu tu, kwani klia iliyolowa hukunja stika.

Tumefika kwenye vumbi. Udongo halisi unatumika, lakini chembe ya milimita 0.1 ni kokoto ya milimita 2.4 kwenye gari halisi. Ukaange udongo mkavu kwenye sufuria kuukuu ili usiote ukungu, usage, kisha uchuje kwa soksi ndefu za nailoni; soko la Kibuye, Kisumu, zinapatikana kwenye mitumba. Changanya unga huo na tapentaini ya madini, usitumie spiriti, kwani spiriti hulainisha duko. Pia usiruhusu tapentaini itulie kwenye plastiki tupu, hasa karibu na ekseli zilizokazwa: hupenya kwenye maungio na kuyapasua.

Vumbi halikai sawa kila mahali. Nyuma ya 240Z hewa hujizungusha na kuvuta kila kitu, hivyo mlango wa nyuma uwe mchafu kuliko boneti. Nambari na taa hufutwa ili zionekane, kwa hiyo zifute kwa kidole chenye unyevu na uache alama ya mfuto. Kwenye kioo cha mbele bandika tepu iliyokatwa kwa umbo la njia ya waipa kabla ya kupulizia. Tope la Kano lichanganywe na gundi nyeupe ya mbao, liwekwe ndani ya madigadi na kwenye raba za nyuma ya magurudumu, lisizidi nusu milimita kwa mara moja, vinginevyo linapasuka likikauka. Tope kavu huwa kijivu cheusi; weusi kamili ni wa tope bichi pekee, na hilo linataka tone la klia ya kung'aa.

Ukimaliza, usipulizie klia juu ya vumbi. Vumbi litayeyuka machoni, na lile lililopauka la Gilgil litageuka doa la mafuta. Lishike gari kwa chini, na ulifunike kwa boksi la plastiki angavu.