Kasi ya mrusha mpira wa kriketi haitoki mkononi peke yake

Hapa Dodoma, vijana wengi wanaojifunza kriketi huamini kuwa mrushaji wa kasi ni mwenye mkono wenye nguvu, na kwamba akirusha mipira mingi kila siku kasi itapanda tu. Si ajabu kuamini hivyo, maana kinachoonekana ni mkono ukizunguka juu ya kichwa.

Lakini hebu mtazame miguu. Anakuja mbio, anaruka, kisha mguu wa mbele unatua kwa kishindo, goti limekaza, vumbi linatimka. Mbio zake zinakatwa ghafla na nguvu inapanda nyonga, kiwiliwili, bega, hadi vidoleni. Kishindo hicho ni mara kadhaa ya uzito wake. Ndiyo maana pingili za chini za uti wa mgongo, ambazo kwa kijana bado hazijakomaa, hupata nyufa akirusha bila kupumzika. Wapo chipukizi wa kimataifa waliokaa nje miezi mingi kwa jeraha hili, na hawakuwa wavivu hata kidogo.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Mrekodi mrushaji kwa simu akirusha akiwa amesimama, kisha akitoka mbio, mkono uleule. Tazama polepole mpira unavyotofautiana. Halafu andika daftarini idadi ya mipira, ya mazoezini na ya mechi pia (hii ya mazoezini ndiyo husahaulika). Akilalamika maumivu ya kiuno upande mmoja, hasa akijipinda nyuma, asirushe tena mpaka aonwe na daktari.