Swali la bamvua na kadi za karatasi

Chuo kikileta projekta mpya, wenzangu hunipongeza kana kwamba kazi imekwisha. Projekta humsaidia anayesema. Shida yetu darasani ni wanaosikiliza, na mtu anaweza kutazama slaidi nzuri saa nzima akatoka hajafikiri lolote.

Njia ninayoitegemea ilianzishwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1991. Unatoa swali moja la kuchagua jibu. Kila mtu anafikiri kimya na kupiga kura, anageukia jirani wabishane, kisha kura inarudiwa. Mwalimu anaeleza mwisho. Karibu wote wakipata, pita. Karibu wote wakikosa, fundisha upya, maana hakuna wa kumvuta mwenziwe. Utamu uko katikati, wakipata kama asilimia 30 hadi 70.

Mimi hufundisha mambo ya bahari hapa Malindi, kwa vijana wanaotaka kuwapeleka wageni kwenye matumbawe ya hifadhi. Huwauliza: bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, huja lini? Mwezi mpevu tu, mwandamo tu, nyakati zote mbili, au mwezi ukiwa nusu? Wengi hukimbilia mpevu kwa kuwa ndio unaoonekana. Nikisema “haya, bishaneni”, mtoto wa mvuvi aliyekuwa kimya nyuma huinuka: “We, mwezi mchanga pia maji hujaa mpaka juu, muulize baba!” Akiulizwa sababu, anakwama. Hapo huingia yule aliyeshika fizikia: jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, mvuto wa jua huongezea ule wa mwezi, na hilo hutokea mara mbili kila mwezi. Kura ya pili huwa tofauti kabisa, nami sijasema neno.

Wanaolalamika kwamba silabasi haitaisha, mimi huwaambia wautazame uchambuzi wa tafiti 225 uliotoka Marekani mwaka 2014: katika sayansi, uhandisi na hesabu, waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya waliopewa kazi ya kufikiri darasani.

Sasa vifaa. Kura za simu ni nzuri, ila bando huisha, na aliyefungua simu kupiga kura huishia TikTok. Natumia Plickers, programu ya simu ya kukusanya kura: kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye alama yake, anaigeuza herufi ya jibu analolitaka ikae juu, nami napitisha kamera ya simu yangu moja tu. Herufi zimechapwa ndogo, jirani haibi jibu. Chapa kwenye karatasi nzito na usiipake plastiki ya kung’aa, kwani mwanga wa dirishani utaizuia kamera kusoma. Na waambie wasifunike alama kwa vidole. Hilo utalirudia kila kipindi.