Wamaya Wapo

Inasemwa: Wamaya, wenyeji wa kale wa Meksiko ya kusini na Amerika ya Kati, walitoweka ghafla, wakaacha piramidi msituni bila mwenyewe.

Kilichoanguka ni tawala za miji ya kusini kama Tikal, katika karne ya 9. Ukame ulichangia, vita pia. Lakini wakulima hawatoweki kwa sababu mfalme ameondoka. Mji wa Chichén Itzá huko kaskazini ulistawi baadaye, na mji wao wa Nojpetén haukutekwa na Wahispania mpaka mwaka 1697. Sensa ya Guatemala ya 2018 ilihesabu Wamaya zaidi ya milioni 6, na hapo hatujagusa Meksiko wala Belize. Rigoberta Menchú, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1992, ni Mmaya wa jamii ya K'iche'.

Inasemwa: wanazungumza Kimaya.

Kipi? Lugha zao ni takriban 30, ukoo mmoja kama zilivyo za Kibantu. Guatemala peke yake inatambua 22.

Inasemwa: walitabiri kiama mwaka 2012.

Hili ndilo lililouza magazeti. Tarehe 21 Desemba 2012 duru moja ndefu ya kalenda yao ilifika ukingoni na nyingine ikaanza, basi. Kule Palenque, mji wao wa kale nchini Meksiko, kuna maandishi ya mawe yanayotaja tarehe ya mwaka 4772. Anayengoja kiama hapangi mambo ya mbali hivyo. Na kalenda yenyewe haijafa: katika nyanda za juu za Guatemala, ajq'ij, yaani mtunza siku, bado anahesabu mzunguko wa siku 260, na watu humwendea kabla ya kupanda au kufanya tambiko.

Inasemwa: maandishi yao ni picha tu.

Ni maandishi kamili, yenye alama za maneno na za silabi. Mwaka 1562, mjini Maní, padri Diego de Landa alichoma vitabu vyao kwa madai kwamba ni vya shetani. Leo vimebaki vinne tu. Ajabu ni kwamba Landa huyohuyo aliandika orodha ya alama hizo, akiidhani alfabeti. Mrusi Yuri Knorozov akaitazama upya, na mwaka 1952 akaonyesha kuwa ni silabi. Siku hizi wapo Wamaya wanaojifunza kuchonga alama hizo, na wanasimamisha mawe mapya yenye tarehe za sasa.